Siku nane za kula kando ya Ziwa Nyasa

Daftari nililoandikia kumbukumbu za safari hii ndilo hilo hilo ninaloandikia madeni ya wateja, na ndiyo maana katikati ya bei ya samaki aitwaye mbasa na nauli ya kwenda Matema kuna majina ya watu wa Kihesa wanaodaiwa wali maharage. Nina mgahawa mdogo wa mabenchi manne hapo Kihesa, Iringa mjini. Samaki ninaowapika hutoka bwawa la Mtera, perege na dagaa, na kwa miaka mingi wateja wangu wawili, madereva wa malori wenye asili ya Kyela, wamekuwa wakimaliza sahani, wakinawa mikono, kisha wakisema kwamba samaki alikuwa mzuri ila hakunywa maji ya Nyasa. Mwaka 2025, Saba Saba ilipopita, nilifunga mgahawa kwa siku nane nikaenda kuwaonja hao waliokunywa.

Nilifuatana na mdogo wangu wa kiume, ambaye alipiga picha za milima kila nilipomwomba apige picha za majiko. Bei ninazozitaja ni zile tulizolipa sisi wawili, na anayepatana vizuri kuliko mimi huenda akalipa pungufu.

Jumanne, 8 Julai 2025: Iringa hadi Mbeya

Sehemu hii haina mengi. Basi liliondoka saa moja asubuhi, nauli ikiwa shilingi 20,000 kwa kila mmoja, likapita Mafinga na Makambako, likashuka kwenye tambarare za Usangu ambako mchele wa Chimala na Igurusi huuzwa kando ya barabara, na saa tisa alasiri tukawa Mbeya, midomo ikiwa imepasuka kwa baridi kavu ya Julai. Lilisimama mara moja tu kwa ajili ya chakula, dakika 20, mahali ambapo mafuta ya kukaangia kuku yalikuwa meusi kama oili chafu. Tulilipa shilingi 6,000 kwa sahani ambayo hatukuimaliza. Anayepita njia hii abebe kifungua kinywa kutoka nyumbani kwake. Mimi mwenye mgahawa sikubeba, na mdogo wangu alinikumbusha jambo hilo hadi Uyole.

Jioni, pale Mwanjelwa, tulikula wali kwa nyama na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, shilingi 3,000 kwa sahani, kwa mama mmoja ambaye jiko lake la mkaa lilikuwa limezungukwa na watu waliokuja kuota moto kuliko kula. Nilipomwuliza ni wapi Mbeya nitapata samaki mzuri, alinijibu bila kuinua kichwa: "Dada yangu, samaki wa hapa ameshasafiri. Mfuate kwake."

Jumatano, 9 Julai: Kiwira na Tukuyu

Magari ya Tukuyu na Kyela huiacha barabara kuu pale Uyole na kuanza kupanda safu ya Uporoto. Kwenye Isyonje ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba wauza viazi walionekana miguu kwanza, kisha magunia, kisha nyuso. Mdogo wangu alikuwa amevaa fulana. Nisiseme zaidi.

Kosta ilipofika Kiwira ilisimama kushusha mizigo kwa muda mrefu kuliko konda alivyoahidi, nasi tukashuka sokoni. Huko ndizi hazihesabiki na parachichi hulundikwa chini kama mawe ya ujenzi. Nilinunua maparachichi matatu kwa shilingi 1,000, na muuzaji, mama wa makamo, hakukubali nichague mwenyewe. Aliyabonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo, moja baada ya jingine, akayapanga mkononi mwangu akisema hili ni la leo, hili ni la kesho, na hili utafika nalo ziwani. Alikosea kwa nusu siku tu.

Tukuyu tulipokewa na manyunyu, ingawa kwetu Iringa Julai ni mwezi wa vumbi. Mlima Rungwe, ambao kimo chake kinakaribia meta 3,000, hatukuuona hata mara moja. Tulichokiona vizuri ni jiko la mama mmoja karibu na stendi, na hapo nililala kwenye benchi la watu, kwa maana ya kukaa muda mrefu bila haya, nikitazama jinsi anavyopika ndizi, ambazo Wanyakyusa huziita mbalaga. Alikuwa akizimenya huku mikono yake imepakwa mafuta ili utomvu usimng'ang'anie. Hakuzikata vipande kama nifanyavyo mimi, bali alizipanga nzima nzima kwenye sufuria, nyama chini na ndizi juu, akamimina rojo la nyanya na kitunguu, kisha akafunika kwanza kwa jani la mgomba ndipo akaweka mfuniko. Jani lile huziba mvuke, na ndizi za juu huiva kwa mvuke wa nyama bila kuguswa na maji. Hakukuwa na bizari wala kiungo cha pakiti. Sahani ilikuwa shilingi 3,000, na bilauri ya maziwa mgando 1,000. Nilipomaliza nilimwuliza neno la kushukuru kwa Kinyakyusa, akanifundisha "ndaga fijo", na maneno hayo mawili yalinifaa kuliko pesa siku zote zilizofuata.

Chumba cha gesti kilikuwa shilingi 20,000, blanketi mbili. Omba ya tatu.

Alhamisi, 10 Julai: Kuteremkia Kyela

Kati ya Tukuyu na Kyela mtu hubadilisha hali ya hewa kama anayebadilisha shati. Chai ilibaki nyuma, masikio yakaziba kwa mteremko, sweta zikavuliwa moja baada ya nyingine ndani ya Hiace, na tulipofika tambarare tulikuwa kati ya michikichi, miembe, na mikakao ambayo matunda yake huota kwenye shina lenyewe kana kwamba mtu ameyabandika. Kyela ndiyo wilaya inayoongoza kwa kakao nchini, na katika nyua nyingi tulizopita mbegu zake zilikuwa zimeanikwa juani zikitoa harufu ya uchachu.

Safari hiyo fupi ilitugharimu karibu saa nne. Gari lilingoja abiria Tukuyu mpaka likajaa, likaondoka, kisha likapata pancha mahali ambapo hapakuwa na kivuli. Dereva hakuwa na jeki. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli aliiegesha, akaenda nyumbani kwake, akarudi na jeki pamoja na mjukuu wake aliyebeba ndoo ya maji ya kunywa na kikombe kimoja, tukanywa kwa zamu watu 17. Alikataa pesa za dereva, akapokea sigara moja.

Wali wa Kyela nilikuwa nikiujua kwa jina na kwa wizi, maana mchele wa kutoka kwingine huuzwa kwa jina hilo katika masoko mengi, na mimi mwenyewe nimewahi kununua gunia zima la namna hiyo. Pale Kyela mjini nililetewa sahani ambayo harufu yake ilinifikia kabla ya mhudumu. Punje zilikuwa ndefu kiasi, hazikushikana, wala hazikuwa na mafuta mengi, na pembeni kulikuwa na maharage yaliyoungwa kwa mawese hadi mchuzi ukawa na rangi ya chungwa. Sahani shilingi 2,500, pamoja na kipande cha kambale 4,000. Mwenye duka la mchele alinifundisha nisugue punje kati ya viganja, nipulizie pumzi ya joto, kisha ninuse. Mchele wenye harufu ya kweli huitoa hapo hapo, na uliochanganywa huwa kimya. Nilinunua kilo 10 siku ya kurudi, wala si kabla, na nashauri wengine wafanye hivyo hivyo, kwa kuwa mchele ni mzigo.

Lakini nilichokitaka hasa ni usipa wabichi, wale dagaa wa Nyasa ambao Iringa hutufikia wakiwa wakavu. Nilimwuliza mama ntilie kama anao. Aliangua kicheko, akamwita mwenzake wa meza ya pili asikie swali langu, kisha akaniambia kwa upole: "Mwanangu, usiku wa leo toka nje uangalie juu."

Nilitoka. Mwezi ulikuwa mpevu, wa duara kamili, mweupe kiasi kwamba tungeweza kusoma daftari. Usipa huvuliwa usiku kwa taa: wavuvi hutoka na mitumbwi, wakawasha taa juu ya maji, samaki wakaufuata mwanga na kukusanyika, ndipo wavu unapopita chini yao. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima huwa na mwanga, na taa ya mvuvi haina kitu cha kuwaitia. Nilikuwa nimepanga safari yangu kwa kalenda ya likizo na ya madeni, nikasahau kalenda iliyokuwa juu ya paa langu.

Ijumaa, 11 Julai: Matema

Barabara ya kwenda Matema kupitia Ipinda sasa ni ya lami, na nauli kutoka Kyela ilikuwa shilingi 5,000. Watu walionitangulia miaka ya nyuma walinisimulia habari za matope na kusukuma magari, sisi tulisinzia. Kilichotuamsha ni milima ya Livingstone, ambayo ghafla husimama mbele ya kioo na kushuka hadi majini bila kuacha nafasi ya kitu kingine, na Matema imekaa hapo kwenye kona, mchanga mbele na mlima ubavuni.

Tulipata chumba kwenye nyumba za wageni karibu na ufuko, shilingi 35,000, chandarua kizima. Kagua chandarua kabla ya kulipa, kwa sababu huku chini mbu si wa Iringa.

Chakula cha mchana cha siku hiyo kilikuwa kosa langu. Kulikuwa na sehemu moja yenye ubao mkubwa ulioandikwa vyakula 14, kuanzia biriani hadi baga, nami nikaagiza samaki kwa kuwa nilikuwa nayaona maji. Tulikaa saa mbili na robo. Samaki alipokuja alikuwa ametoka kwenye friji, nyama yake ilikuwa imelegea kwenye mfupa, na bei ilikuwa shilingi 15,000. Nilikula kwa hasira ya mtu wa kazi hiyo hiyo. Mzee aliyekuwa akishona wavu chini ya mwembe hatua chache kutoka hapo alikuwa ametutazama muda wote, na tulipompa shikamoo aliitikia, kisha akasema kwamba wageni huuliza "kuna chakula gani?" wakati swali la huku ni "mitumbwi imerudi?"

Basi jioni tuliuliza hivyo. Mitumbwi ya nyavu za kutega ilirudi saa kumi na moja, nasi tulikuwa mwaloni tukingoja pamoja na akina mama wenye mabeseni. Nilinunua mbasa mmoja mwenye urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidoleni, shilingi 12,000, nikamlipa kijana mwenye jiko 2,000 za kumbanika, na sima ya unga wa mahindi 1,000.

Mbasa ni samaki wa fedha, mwembamba, mwenye mdomo mpana, aishiye ziwani na kupanda mitoni kuzaa. Ana mafuta kama nini, lakini pia ana vijifupa vidogo vya ndani ya nyama ambavyo humfanya mgeni ale kwa woga. Kijana yule alimlaza samaki ubavu, akamchanja kwa kisu kikali kutoka kichwani hadi mkiani, mistari ikiwa karibu karibu kama meno ya kitana, nami nilisikia kila mchanjo ukikata vijifupa, krr, krr. Akamgeuza, akarudia. Kisha chumvi na limau ndani ya mistari hiyo, na moto wa chini usio na ulimi. Mafuta yaliposhuka kwenye makaa alimwinua samaki badala ya kumwagia moto maji, jambo ambalo wapishi wangu wawili nimewashindwa kulifundisha. Vijifupa vilivyokatwa vilikauka kwa moto vikawa vinatafunika. Tulikula kwa mikono tukiwa tumekaa kwenye mchanga, mdogo wangu akasahau kupiga picha, na picha pekee niliyonayo ya mbasa yule ni ya kichwa.

Kwa atakayefika baada yangu: nunua samaki mwaloni, lipa wa kumpika. Beba pesa taslimu za kutosha kutoka Kyela, maana siku hiyo mtandao wa simu ulikatika kuanzia alasiri hadi asubuhi na wakala hakuwa na la kutusaidia. Na kabla ya kuoga uliza wenyeji ni wapi, kwani karibu na midomo ya mito walitukataza kabisa kwa ajili ya mamba.

Jumamosi, 12 Julai: Soko la vyungu, Lyulilo

Lyulilo ni mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matema, na Jumamosi ni siku ya soko. Vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa hili, huja kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vya mbele yake, vimepangwa kimoja ndani ya kingine na kufungwa kwa nyasi, na kabla ya saa tatu asubuhi mchanga wote ulikuwa umefunikwa: vyungu vya maji, vya mboga, vya ugali, na vingine vidogo kama ngumi ambavyo watoto huviuza kwa wageni.

Nilikuja kwa ajili ya chakula na ningesema soko hili si mahali pa kula sana, isipokuwa asubuhi. Vitumbua vya mchele mpya vilikuwa shilingi 200 kimoja, vimechomwa vizuri, kwa nje vikavu na kwa ndani laini, nami nilikula sita nikisingizia uchunguzi. Baada ya hapo kuna maandazi yaliyolala, soda, na mihogo ya kukaanga.

Chungu nilichokitaka cha kupikia samaki kilianzia shilingi 8,000 tukamalizia 6,000. Muuzaji alikigonga kwa kifundo cha kidole nisikie mlio, kikalia kama kengele. Akagonga kingine kilichokuwa na ufa usioonekana, kikajibu kama kopo. Kisha akaniuliza ninakipeleka wapi, na nilipotaja Iringa akakifunga upya kwa nyasi mara mbili zaidi.

Mchana upepo wa kusini ulivuma na mawimbi yakawa na povu. Mitumbwi haikutoka. Tulikula wali maharage.

Jumapili, 13 Julai: Ikombe

Tulikubaliana na mwenye boti ya injini ndogo kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya upepo, shilingi 3,000 kwa mtu kwa kuwa kulikuwa na abiria wengine saba na mbuzi. Njia yote boti hupita chini ya mlima, maji yakiwa ya buluu nzito; Ziwa Nyasa lina kina kinachozidi meta 700 mahali penye kina kirefu zaidi, na ukiinama kwenye ukingo wa boti unaamini.

Mpango ulikuwa kurudi saa nne. Saa tatu na nusu upepo ulianza, na mwenye boti akaivuta juu ya mchanga bila maelezo, akajilaza kivulini. Tulikaa Ikombe hadi saa kumi na moja jioni, na hapo hakuna mgahawa.

Bibi mmoja alikuwa akifinyanga mbele ya nyumba yake. Chungu kilikaa juu ya kigae ambacho alikizungusha kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukivuta udongo kwenda juu, na alipotuona tumesimama muda mrefu alisema, "Karibuni, wajukuu zangu. Mmekula?" Tulijibu kwa adabu kwamba tumekula. Alitutazama, akaendelea kuzungusha mara tatu au nne, kisha akamwambia binti aliyekuwa ndani aweke maji ya ugali ya watu wawili zaidi.

Alitupikia samaki wawili aina ya magege kwenye chungu chenye masizi kilichokuwa na umri, alisema, kuliko ndoa ya binti yule. Hakuweka mafuta hata tone. Alilaza vitunguu na nyanya chini, samaki juu, limau, chumvi, pilipili nzima isiyopasuliwa, na maji ya kikombe kimoja, kisha akaondoa kuni mbili kati ya tatu na kuviacha viive polepole. Chungu huendelea kuchemka hata kikishateremshwa, na hilo nilikuwa nikilijua kwa masikio tu. Pale nililiona, mchuzi ukitokota juu ya kata ya nyasi wakati moto upo hatua mbili kando. Ugali ulikuwa wa muhogo, mweupe, unaovutika, ambao mdogo wangu aliuogopa kwanza na kuumaliza baadaye. Nilimweleza bibi kwamba nimenunua chungu, akataka kujua nitakianzaje. Nilisema nitakiosha. Akacheka na binti akacheka. "Chungu kipya unakipikia uji kwanza, mzito, unakipaka ndani na nje kikiwa cha moto, unakiacha kilale. Ukikianza na mchuzi kitakunywa mchuzi wako mwaka mzima."

Alikataa pesa. Tulimwachia sukari na majani ya chai tuliyokuwa tumebeba kwa ajili yetu, nami nikasema ndaga fijo, kisha nikakumbuka kwamba yeye ni Mkisi. Alipokea vyote viwili bila kunisahihisha.

Tuliporudi, jua lilikuwa likizama upande wa Kyela na kwenye mwalo wa Matema wanaume watatu walikuwa wakijaribu taa zao. Nilimwuliza yule mzee wa nyavu kama mwezi umewaruhusu. Alinieleza kwamba baada ya mwezi mpevu, kila usiku mwezi huchelewa kutoka, karibu saa nzima, na kwa kuwa Matema ina mlima upande wa mashariki, huchelewa zaidi kuonekana. Usiku huo kungekuwa na giza kuanzia saa moja hadi kama saa tatu na nusu. Wengi waliona hayo ni masaa machache mno ya kuchomea betri. Watatu wale waliona yanatosha.

Jumatatu, 14 Julai: Usipa

Niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, peke yangu.

Mitumbwi miwili kati ya mitatu ilikuwa na kitu. Usipa wabichi hawafanani na wale wakavu niwajuao: wana urefu wa kidole, wanang'aa kama bati jipya, na ukimwinua mmoja kwenye mwanga unaona kivuli cha uti wa mgongo ndani yake. Akina mama waliokuwa hapo walikuwa wengi kuliko samaki, na nilikuwa nimejiandaa kurudi mikono mitupu, lakini mmoja wao, ambaye tulikuwa tumesalimiana siku ya Ijumaa kwenye foleni ya mbasa, alinigawia nusu ya fungu lake la shilingi 4,000, akapokea 2,000 bila kuongeza senti, akaniuliza kama ninajua kuwapika. Nilisema mimi ni mpishi. "Sawa," akasema, "lakini unajua kuwapika?"

Aliwasuuza mara moja tu kwa maji ya ziwa. Sufuria ikakaa kwenye mafiga hapo hapo mchangani: nyanya mbili zilizokatwa, kitunguu, chumvi, usipa juu, limau nusu. Hakuweka maji, kwa kuwa nyanya na samaki wenyewe huyatoa. Nilinyoosha mkono na mwiko akanishika. Usipa hawakorogwi, hutikiswa na sufuria, la sivyo hugeuka uji. Akatikisa mara tatu kwa muda wa dakika kama 10, mchuzi ukapungua hadi ukabaki kuwapaka tu, akateremsha.

Tulikula na ugali wa jana uliochomwa juu ya makaa. Huliwa wazima, kichwa na tumbo, na ladha yao huanza tamu na kuishia na uchungu mdogo sana wa tumboni, kama ule wa chai ya rangi isiyo na sukari, na uchungu huo ndio unaotoweka wakikaushwa. Nimepika dagaa maisha yangu yote ya kazi na sikuwa nimejua kwamba kuna kitu kilichokuwa kimetoka. Mdogo wangu alipoamka saa mbili nilikuwa nimemwachia wanane kwenye sahani, wamepoa. Bado ananidai.

Usipa wakavu nilinunua sado moja, ile ndoo ndogo ya kupimia, kwa shilingi 15,000. Chagua waliokaushwa juu ya chanja, si juu ya mchanga, kwani mchanga hauoshiki wote hata ukitumia ndoo tatu. Wavunje kichwa mmoja usikilize: aliyekauka hulia, aliyewahishwa sokoni hujikunja.

Jumanne, 15 Julai: Kurudi

Tuliondoka Matema saa kumi na moja alfajiri, tukachukua mchele Kyela, tukavaa sweta Tukuyu, na kufika Iringa saa mbili na nusu usiku. Kwenye basi la Mbeya konda alitaka mfuko wa usipa uende kwenye buti kwa sababu ya harufu. Abiria wa kiti cha mbele, mama mtu mzima ambaye hatukuwa tumeongea naye neno, aligeuka akamwambia konda kwamba harufu hiyo ndiyo iliyomsomesha yeye na wadogo zake watano, na mfuko ukabaki miguuni pangu. Chungu nilikipakata njia nzima.

Jumla tulitumia shilingi 448,000 kwa watu wawili na siku nane, pamoja na mchele, chungu na usipa. Ningepunguza 15,000 za samaki wa friji na 6,000 za kuku wa mafuta meusi.

Uji wa kwanza nimeupika ndani ya chungu Jumapili iliyopita, mzito, nikakipaka ndani na nje kikiwa cha moto, na sasa kimelala juu ya kabati la mgahawa ambako wateja wanauliza ni cha nini. Mwezi wa giza utakuwa tarehe 23 Agosti, siku ya Jumamosi. Mdogo wangu ameshaomba ruhusa kazini.